Nimelipia kusafisha kisima kilichoingia kromiamu hapa Moshi, nawapa nyota tatu na nusu

Sijawahi kuandika rivyu ya kitu chochote zaidi ya ile blenda iliyoungua siku ya pili, ila hii naiandika maana watu wanne mtaani wameshanifata kuniuliza "mama, wale vijana wako wa kisima wanafaa?" na kila mmoja nimemjibu kipande kipande nikiwa na haraka zangu, sasa leo ng'ombe wameshakamuliwa na umeme upo naimwaga yote. Majina siweki, sio ya wale walionipiga wala ya hawa walionisaidia, na kiwanda cha ngozi ilikotoka hiyo kromiamu sikitaji, mtanisamehe.

Kiwanja ni cha marehemu baba, kiko upande wa chini ya reli, ishirini kwa thelathini, na kisima cha ringi cha mita 11 alikichimba yeye na wajomba. Maji ya bomba yapo, tunalipia kama watu wote, ila kisima ndo kilikuwa kinanywesha ng'ombe wangu wawili, kinamwagilia mchicha, kinafua, na bomba likikata hata kupikia. Mwaka juzi masika ilipoisha nikaanza kuona maji yana unjano. Kwenye glasi huoni kitu kabisa, unaweza ukaapa ni maji ya chupa, lakini chota ndoo nyeupe ijae halafu simama juu yake mchana kweupe uangalie chini, unaona unjano kama mtu kadondoshea soda ya nanasi kidogo. Tope sio, tope linatuama usiku, hii asubuhi unaikuta vilevile na inang'aa.

Nikamwita mzee jirani, alifanya kazi kiwanda cha ngozi miaka mingi kwenye yale madramu makubwa ya kuzungushia ngozi na dawa. Nikamwamkia, "Shikamoo baba mkubwa", akaitikia, akainama juu ya ndoo, hakuigusa. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hapa baba yako alijaza na nini?"

Hapo nkakumbuka. Nikiwa shule ya msingi huku chini kulikuwa na bondeni kidogo, maji yanasimama mvua ikinyesha, baba akanunua majivu na vipande vya matofali kwa wachoma tofali akajazia. Na hao wachoma tofali walikuwa wanachomea nini? Kuni zilikuwa ghali, wakawa wanachukua yale maranda ya ngozi yanayobaki kiwandani ngozi ikichongwa, ya bluu bluu, bure kabisa, yanawaka vizuri tu ila yananuka balaa. Mzee akatikisa kichwa akasema ile bluu ni kromiamu, madini yaliyo kwenye dawa ya ngozi, sisi tulikuwa tunaishika kwa mikono.

Sasa hapa nieleze kidogo kama binti mkemia wa kampuni ya pili alivyokuja kunieleza baadae, maana bila hii huwezi kujua nani anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kromiamu iko ya aina mbili zinazotuhusu. Ile ya kusindikia ngozi kiwandani ni kromiamu tatu, haipendi kutembea, ikiingia kwenye udongo wa kawaida inaganda hapohapo. Ngozi hainywi dawa yote, sehemu inabaki inatoka na maji machafu na tope, hiyo nayo ni shida yake. Lakini ukichukua mabaki ya ngozi ukayachoma kwenye hewa ya kutosha, na majivu yenyewe yana asili ya chokaa, sehemu ya ile tatu inageuka kuwa kromiamu sita. Sita ndo mnyama mwenyewe. Inayeyuka, ina rangi ya njano, na ina chaji hasi kwahiyo udongo mwingi hauishiki vizuri, inateremka na mvua mpaka ilipo maji. Vumbi lake ukilivuta miaka mingi linaleta saratani ya mapafu, hilo halina ubishi siku nyingi. Kwa kunywa, tumbo linageuza sehemu yake kuwa tatu kwa asidi yake lenyewe, ila mwaka 2008 Wamarekani walitoa majibu ya panya walionyweshwa maji yenye hiyo sita kwa dozi kubwa, wengine wakapata saratani ya mdomo na wengine ya utumbo mwembamba. Nilivyosikia hivyo mchicha wote niling'oa siku hiyohiyo.

KAMPUNI YA KWANZA (nyota sifuri, na ningekuwa na uwezo wa kuwadai nyota ningewadai)

Niliwapata kwenye bango. Wakaja na pikapu nyeupe, ovaroli zina nembo, mmoja akatoa kalamu ya kidijitali akaichovya kwenye ndoo ikasoma 412 akanionyesha huku ameinua nyusi, "mama unaona sumu hiyo?" Mimi macho yakanitoka. Nilikuja kujua baadae ile kalamu inapima chumvichumvi zote zilizoyeyuka kwa ujumla wake, maji masafi kabisa ya mlimani yanaisomesha namba, na kromiamu hata ikiwa nyingi ya kuua mchezo ni tone tu ndani ya hiyo 412. Kwa kifupi ile kalamu haiwezi kujua kama una kromiamu au una magadi.

Wakachukua laki nne ya kuanzia. Wakapiga pampu siku mbili wanakausha kisima, maji yote yanaenda mtaroni, mtaro unapita mbele ya nyumba tatu za watu, mimi nimesimama hapo nawapelekea chai! Wakamwaga klorini, wakatandika mkaa na kokoto chini, wakaniambia na majivu watayachota wayaondoe na fuso, "pa kumwaga tunapajua". Nikauliza wapi, wakacheka. Nashukuru hela ya fuso sikuwa nayo maana leo hiyo sumu ingekuwa kwenye korongo la mtu mwingine na risiti ina jina langu.

Maji yakawa meupe siku tatu. Ya nne unjano huo. Nikapiga simu, "mama hiyo ni kutu." Kutu ya nini na kisima ni cha ringi za zege? Simu ya pili haikupokelewa mpaka leo.

Na ile klorini ndo kichekesho chenyewe. Klorini kazi yake ni kuunguza, inaweza kuichukua kromiamu tatu iliyotulia zake ikairudisha kuwa sita. Yani nililipa hela watu waje waongeze.

KAMPUNI YA PILI

Mtoto wa dada yangu anasoma Arusha ndo akaniunganisha na hawa. Watatu tu, binti mkemia na vijana wawili, hawana gari lao, walikuja na noah ya kukodi. Cha kwanza walichonifurahisha hawakuleta bei siku hiyo. Binti akasema "mama, shikamoo, sisi bila kipimo hatuna la kukuambia", akatoa deli lenye barafu na chupa za plastiki zimeoshwa na kufungwa, akachota kisimani, akachota kwa jirani wa juu na jirani wa chini baada ya kuomba ruhusa kwa adabu zote. Kromiamu sita haisubiri, wakasema sampo isiyotiwa dawa ya kuituliza ikae baridi na ipimwe ndani ya masaa 24, ukiiacha juani kwenye chupa ya soda inaweza kujigeuza njiani ukapata majibu ya uongo, mazuri kabisa ya uongo.

Kabla hawajaondoka akanifanyia ya kuonja palepale kibarazani. Kikopo kidogo cha maji ya kisima, tone la asidi, unga kidogo wa dawa yao, akatikisa. Ikaanza pinki halafu ikaiva zambarau nyekundu kama juisi ya rozela. Akafanya na maji ya bomba, yakabaki meupe. Nimeona vitu vingi ila ile rangi inavyopanda kwenye maji uliyonyweshea ng'ombe wako... nikakaa chini.

Majibu ya maabara: kisima changu miligramu 1.6 kwa lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni 0.05 kwa kromiamu yote kwa pamoja, kwahiyo mimi niko mara 32. Jirani wa juu hakuna kitu. Jirani wa chini 0.3. Hiyo ya jirani wa chini iliniuma kuliko yangu, mama wa watu ana wajukuu.

Halafu kijana mmoja akachana kipande cha boksi akanifanyia hesabu, hii nailipia nyota nzima peke yake. Kiwanja mita 20 kwa 30, tabaka la chini lenye maji tukadirie mita 4, robo yake ndo nafasi iliyojaa maji, yanakuja lita laki sita. Zidisha miligramu 1.6. Inakuja gramu 960. Hata kilo haijafika! Pakiti moja ya sukari, kasoro kijiko, ndo imeharibu lita laki sita. Na dawa ya kuigeuza, salfeti ya chuma, kwa hesabu ya karatasi kilo moja ya kromiamu sita inakula kilo 16 hivi. Nikamwambia sasa mdogo wangu mbona kwenye bei mmeandika magunia, akacheka akasema mama, hiyo kilo ni iliyokwisha kuyeyuka, yenyewe mzigo bado uko kwenye majivu unateremka kila masika, halafu chuma chetu ardhini hakiliwi na kromiamu peke yake, hewa inakula, udongo unakula. Hapo nikaelewa kwanini kukausha kisima kulikuwa kazi bure. Unakausha bomba linalovuja hujafunga koki.

Kabla ya kumwaga chochote walinisumbua na makaratasi. Walikataa katakata kuweka dawa ardhini bila kibali, tukaenda ofisi ya maji ya Bonde la Pangani hapahapa Moshi, na NEMC, wale wa mazingira, kwa habari ya yale majivu kwa sababu ni taka hatarishi huwezi kuyabeba kama mchanga. Ilichukua wiki saba. Wakati ule niliwatukana kimoyomoyo, sasa hivi nasema sawa tu.

Kazi yenyewe. Walichimba majivu yote mpaka udongo mwekundu ukaonekana, kama mita moja na nusu, huku wanamwagia maji muda wote lisitimke vumbi, wamevaa barakoa zile nzito sio zile za kitambaa za wakati wa korona, na watoto wa mtaa waliokuja kuchungulia wakawafukuza na kumwita mzee jirani akalinde geti. Majivu wakayatandaza juu ya turubai wakayachanganya na salfeti ya chuma iliyoyeyushwa, kama unakoroga zege. Fuwele za salfeti nzuri ni kijani cha bahari, ukikuta gunia limefunguliwa siku nyingi limegeuka rangi ya kutu ujue imeshaliwa na hewa haina kazi. Gunia mbili kati ya kumi na mbili zilikuja za kutu, binti alizirudisha dukani pale pale, hakunibandikia. Hapo ndo nilianza kumwamini kabisa.

Majivu yakapimwa tena kwa kuyaloweka kwenye maji kuona kama bado yanatoa njano, mara ya kwanza yakatoa, wakarudia kuchanganya, mara ya pili safi. Yakawekwa kwenye shimo kona ya juu mbali na kisima, chini turubai nzito, juu udongo wa mfinyanzi uliogongwa na zege. Hapo nimewekewa alama, hapachimbwi choo wala msingi milele.

Hapa ndo nina ugomvi nao wa kwanza. Kwenye makubaliano waliandika "kuondoa kromiamu". Hawajaondoa. Kromiamu yote iko hapahapa kwa baba, imebadilishwa kutoka sita kuwa tatu na kufungiwa. Nimeelewa sasa kwamba ndivyo inavyofanyika hata kwa wenye hela, na tatu ikishaganda kwenye udongo usio na asidi kali inakaa, sawa, lakini neno "kuondoa" mtu wa kawaida analielewa kivingine, nikija kuuza hiki kiwanja nimwambie mnunuzi nini? Andikeni "kutuliza" au "kufungia", msiogope mteja.

Kwa maji ya chini wakaja na molasi. Ndio, molasi, ileile ya kiwanda cha sukari cha TPC ninayowachanganyia ng'ombe na pumba. Mae! Nilidhani utani. Wakatoboa mashimo sita kwa ile burima ya mkono mpaka kwenye maji, wakaweka mabomba ya plastiki yenye matundu, wakawa wanamimina molasi iliyozimuliwa, ndoo moja kwa ndoo kumi za maji, kwa wiki tatu. Wadudu wadogo wa udongoni wanaila ile sukari, wanamaliza hewa yote kwenye maji, na mazingira yasiyo na hewa ndo yanaigeuza sita kuwa tatu, inaganda. Jirani yangu mmoja alipita akauliza "mnapika gongo ardhini?"

Mi mtu wa kuuliza, nikauliza hii imefanyika wapi ikafaulu. Wakanisimulia Hinkley, kijiji kule California. Kampuni ya gesi na umeme, PG&E, ilitumia kromiamu sita kuzuia kutu kwenye minara ya kupoozea tangu 1952 mpaka 1966, maji yakamwagwa kwenye madimbwi ambayo hayakutandikwa kitu chini. Mwaka 1996 wakakubali kulipa wanakijiji dola milioni 333. Kusafisha ndo sasa, hadi miaka ya karibuni bado wako kazini: sehemu wanapiga ethanoli chini ya ardhi, kazi ileile ya molasi yangu, na sehemu wanavuta maji wanamwagilia mashamba ya alfalfa, majani ya mifugo, wadudu wa kwenye mizizi wanaigeuza. Nikaruka hapohapo, basi na mimi nimwagilie matete! Binti akanikata, wale wana visima vya kupimia kila kona na wanapima udongo na majani, wewe una nini mama? Nikanyamaza.

Wakanitajia na ukuta wa chuma wa Elizabeth City, North Carolina, kwenye kituo cha walinzi wa pwani wa Marekani palipokuwa na karakana ya kupaka kromiamu vyuma. Mwaka 1996 walichimba mtaro mita 46 urefu, kina mita 7.3, upana sentimita 60, wakaujaza chembechembe za chuma, maji ya chini yanapita yenyewe na kutoka upande wa pili kromiamu imegandia humo. Hakuna pampu wala umeme. Hiyo niliipenda sana kwa ajili ya jirani wa chini, na fundi wa kuchonga vyuma ana magunia ya maranda ya chuma. Wakasema yale ya fundi yana oili, yataziba na kuchafua, na mtaro wa kina hicho kwa mkono ni kuzika watu. Wazo likafia hapo.

MAJIBU

Wiki ya sita baada ya molasi: 0.03. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni.

Ila sikilizeni hii, hawakuniambia vya kutosha na ndo ugomvi wa pili. Ile hali ya kukosa hewa haibagui, inayeyusha na chuma na manganizi vilivyokuwa vimelala kwenye udongo. Kisima kikaanza kunuka mayai viza, maji yanatoka meupe yakikaa nusu saa yanageuka rangi ya chai. Mashati ya kwaya ya mama mkwe, meupe, nilifua kwa hayo maji bila kufikiri. Yalitoka na mabaka ya kutu hata limao halikuyatoa, na mama mkwe sio mtu wa kusahau, mpaka Pasaka hii kaimba na shati la kuazima. Binti alivyoulizwa akasema "ni kawaida mama, itaisha baada ya miezi". Kama ni kawaida si ungeiandika kwenye karatasi? Iliisha kweli, ilichukua miezi mitano.

Halafu masika ikaja. Nikapima tena: 0.14. Moyo ukashuka. Walikuja bure, hilo nawapa, wakapima yale mabomba sita moja moja wakakuta moja tu ndo chafu, la upande wa choo cha zamani, na chini ya slebu ya kile choo kulikuwa na mfuko mwingine wa majivu ambao hata mimi sikuujua, baba alijazia na hapo. Wakavunja, wakarudia. Sampo ya tano, 0.02. Jirani wa chini ameshuka mpaka 0.06, bado anachota bombani.

Bei: makadirio yalikuwa milioni 3.9, nimelipa 5.2, ndama mmoja kaenda. Nyongeza ni ile slebu na usafiri, na usafiri walininyoa kidogo, nasema ukweli, noah ya Arusha kuja Moshi kilometa 80 haifiki walichoandika. Simu wanapokea jioni tu. Ripoti ya maabara wanakurushia kwenye WhatsApp kurasa tisa za Kiingereza, hakuna hata mstari mmoja wa kusema "mama usinywe", inabidi umpigie binti akutafsirie, na binti nimesema anapokea jioni.

Kidogo kuhusu machujio ya ndani, maana na hapo nimetupa hela. Jagi la mkaa, sahau, unalipata la kutoa harufu sio la hii kazi. Ile mashine ya kulainisha maji magumu nayo inashika vitu vyenye chaji chanya, kromiamu sita ni hasi inapita inakupungia mkono. Lile chujio la chengachenga za mifupa tunalolijua huku kwetu ni la floraidi, tusilibebeshe mizigo isiyo yake. Kuchemsha ndo mbaya kabisa, weka lita tano zichemke zibaki nne, kromiamu haijaenda popote, imekolea kwa robo zaidi. Kinachofanya kazi ni mashine ya RO, ile ya kusukuma maji kwenye utando, inapunguza kromiamu na floraidi vyote, ila inamwaga maji mengi na utando una bei. Mimi nimenunua ndogo ya jikoni na naiweka maji ya bomba tu, ya kisima bado sijathubutu. Ng'ombe nao wako kwenye bomba, bili imepanda, wanakunywa kama wana harusi.

Nyota tatu na nusu basi. Moja ya kupima kabla ya kutaja bei, moja ya hesabu ya boksi na magunia yaliyorudishwa, moja ya kurudi bure masika, nusu ya makaratasi. Nyota moja na nusu nimebaki nayo kwa sababu ya neno "kuondoa", mashati ya mama mkwe na noah ya dhahabu. Atakayewaita awaambie waweke ratiba ya kupima kwenye makubaliano yenyewe, angalau masika mbili, mimi sikuweka na sampo ya nne na ya tano nimezilipia mfukoni.

Ya sita napeleka mwenyewe Jumatatu kupunguza gharama. Deli nimeazima kwa muuza samaki wa Mbuyuni, nimeliosha mara tatu na bado linanuka sato, nitalipakata kwenye hiace mpaka Arusha, anayekaa siti ya pembeni anisamehe.